"Fundi, LED haili umeme": dhana inayounguza nyaya za magari

Haipiti wiki bila mtu kuingia gereji na roli ya taa za mkanda za LED mkononi, mita tano, bado iko kwenye nailoni yake, akaniambia: "Fundi, nifungie chini ya dashibodi na kwenye milango yote. Unga tu hapo kwenye waya wa taa ya mlangoni, LED haili umeme." Nimeisikia kauli hiyo mtaa wa Gerezani hapa Dar, nimeisikia Kinondoni, nimeisikia kwa vijana wa bajaji na kwa wenye Crown na Alphard. Kwa miaka nimeijibu kwa mdomo, mteja mmoja mmoja, huku nimeinama chini ya usukani. Leo naijibu kwa maandishi.

Kauli hiyo ilianzia kwenye jambo la kweli. Nyumbani tulikuwa na balbu za wati 60, tukazibadilisha kwa LED za wati 9, chumba kikabaki na mwanga uleule na luku ikadumu zaidi. Watu wakatoka hapo na neno moja: LED haili. Lakini kula kidogo na kutokula ni vitu viwili, na mkanda si balbu moja. Geuza boksi usome. Mkanda wa aina ya 5050 (LED za milimita 5 kwa 5) wenye LED 60 kwa mita, ambao ndio umejaa madukani, unakula wati 14.4 kwa kila mita. Mita tano ni wati 72. Balbu ya H4 ya taa kubwa ya mbele inakula wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu. Kwa hiyo ukifunga roli nzima umeliongezea gari taa kubwa ya tatu, tena inayokula kuliko yoyote kati ya zile mbili za mwanzo, halafu unataka niiunge kwenye waya wa taa ya mlangoni ambao kiwandani waliupima kwa balbu ya wati 5.

Hesabu hiyo ni ya volti 12 kamili, na gari likiwaka halina volti 12. Betri ikiwa imejaa na injini imezimwa inasoma 12.6 hivi. Washa injini, alternata inayochaji betri inapandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4. Mtu husema, "Volti mbili tu hizo, fundi." Tazama zinavyofanya kazi ndani ya mkanda. Kila kipande kati ya alama mbili za kukatia kwa mkasi kina LED tatu zimefuatana na rezista moja ndogo ya kuzuia umeme usizidi. LED nyeupe au ya buluu inataka volti 3 na kidogo, tatu zinachukua kama 9.6. Kwenye volti 12 rezista inabakiwa na 2.4. Kwenye 14.4 inabakiwa na 4.8, mara mbili. LED zenyewe haziongezi sana volti zinazochukua, kwa hiyo karibu ziada yote inaiangukia rezista, umeme unaopita unakaribia mara mbili, na joto kwenye rezista linakaribia mara nne. Ndiyo maana mkanda uliowaka miezi kwenye sebule unakufa kipande kimoja kimoja ndani ya gari, na mteja anarudi kusema nimemfungia feki. Muulize muuzaji mkanda wa gari, au fungisha kidhibiti cha volti kabla ya mkanda. Na mwenye Fuso au Scania akumbuke gari lake ni la volti 24. Mkanda wa 12 pale unakufa siku hiyohiyo.

Ila mkanda ukifa ni hasara ndogo. Kinachonikosesha raha ni waya.

Mama mmoja alileta gari aina ya Noah akilalamika harufu. Akiendesha usiku zaidi ya nusu saa, anasikia harufu ya plastiki miguuni, akizima gari inakwisha. Mafundi wawili walikwisha kumwambia ni klachi ya kompresa ya AC. Nilifungua kiti cha dereva, nikainua kapeti. Chini yake sufi ilikuwa imeungua duara jeusi la ukubwa wa kisosi, na katikati ya duara ulipita waya mwekundu mwembamba wa taa za rangi, moja kwa moja kutoka betri. Plastiki yake ilikuwa imekauka na kupasuka kama ngozi ya dagaa aliyekaangwa sana. Waya ulipitishwa chini ya reli ya kiti, na kila kiti kiliposogezwa mbele na nyuma reli iliutafuna kidogo, hadi shaba ikaanza kugusa bodi. Nikaufuata waya hadi kwenye boneti nikitafuta fyuzi. Kishikio cha fyuzi kilikuwepo. Ndani yake hamkuwa na fyuzi, mlikuwa na nyuzi za shaba zimesokotwa na kusokomezwa.

Nilimuuliza. Akasema fyuzi ilikuwa inakatika kila baada ya siku chache, fundi aliyemfungia taa akamwambia "tuweke hii, haitasumbua tena." Na kweli haikusumbua. Taa zilikuwa zinawaka vizuri kabisa, zambarau, hata siku ile aliponiletea gari. Mwenye gari anaangalia taa, anaona zinawaka, anajua kazi ni nzuri. Kumbe fyuzi ndiyo iliyokuwa inasema ukweli tangu siku ya kwanza: kuna mahali waya unagusa bodi.

Hapa ndipo "LED haili umeme" inapogeuka hatari. Mtu anafikiri fyuzi ni ya kulinda taa, na kwa kuwa taa inakula kidogo, fyuzi ya nini? Fyuzi hailindi taa. Inalinda waya. Betri haijui kwamba mwisho wa waya umefunga kitaa kidogo cha urembo. Betri hiyohiyo inazungusha stata ya kuwashia injini, kazi inayotaka zaidi ya ampea 100 kwa mpigo, na waya ukigusa bodi itatoa zote kwa huo waya wako mwembamba kama uzi wa cherehani. Joto la waya linapanda kwa mraba wa umeme: umeme ukizidi mara mbili joto linazidi mara nne, ukizidi mara kumi joto ni mara mia. Waya unakuwa koili ya jiko, na umelala juu ya sufi ya kapeti. Hata ungekuwa umefunga LED moja tu ya kibiriti, hesabu ya shoti ni ileile.

Kwa hiyo nafunga hivi, na mteja asiyekubali namrudishia mkanda wake. Kama natoa umeme kwenye betri, fyuzi inakaa shubiri moja kutoka nguzo ya betri, si kule karibu na taa, kwa sababu waya wote uliopo kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Kwa mita mbili za mkanda, ambazo zinatosha kabisa chini ya dashibodi na viti vya mbele, hesabu ni ampea 2.4, na injini ikiwaka inaweza kukaribia 4 au kuzidi kidogo. Naweka fyuzi ya 5, ile ya rangi ya kaki, na waya wa milimita za mraba 0.75. Nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Ukifungua kishikio cha taa za urembo ukakuta ya njano au ya kijani, kaulize imewekwa ya nini. Fyuzi bei yake ni maandazi mawili matatu. Bodi naikwangua rangi hadi chuma king'ae kabla ya kufunga waya wa hasi. Jointi nachomelea kwa risasi na kuvisha mpira unaosinyaa kwa moto. Solotepu kwa joto la Dar inateleza gundi ndani ya miezi michache na kuacha shaba wazi. Waya ukipita kwenye tundu la chuma, tundu linawekewa mpira kwanza. Chini ya reli ya kiti haupiti, nasema haupiti.

Kama gari lako tayari limefungwa na hujui lilifungwaje, fanya jambo moja leo usiku. Washa injini, washa taa zote za urembo, kaa nusu saa, kisha pitisha vidole kwenye waya wa taa pale unapoufikia, na kwenye kila jointi. Uvuguvugu wa mkono ni kawaida. Ukihisi joto la kikombe cha chai, zima, chomoa, usiwashe tena hadi fundi mwenye mita ya kupimia umeme aone.

Kuna walioogopa hadi upande wa pili: "Taa hizi ndizo zinazounguza magari, hata moja sitaki." Hapana. Mkanda wa mita moja wenye fyuzi yake na waya unaofaa hauna hatari kuliko redio yako. Nimefunga mingi, na naipenda kazi hii. Mwanga mdogo wa kaharabu chini ya dashibodi unaipa IST ya kawaida heshima.

Ziko kauli nyingine ninazozisikia gereji. "Nazima kwa rimoti, kwa hiyo betri haiguswi." Ukizima kwa rimoti umezima taa, hujazima kile kiboksi kinachosubiri rimoti. Kiboksi kinachokula miliampea 20 kinachukua karibu nusu ampea-saa kwa siku. Gari linalotembea kila siku halitahisi. Gari linaloachwa mwezi mzima mwenyewe amesafiri, betri ya ampea-saa 45, kiboksi kimekula 14 kabla hujahesabu saa, alamu na kompyuta ya gari. Na ukisahau mita tano zikiwaka, asubuhi gari haliwaki. Dawa ni kuchukua umeme unaokufa funguo ikitoka, kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na hapo unaweza hata kuitupa rimoti.

"Imeandikwa IP67, naosha gari kwa presha bila wasiwasi." Ile namba ni ya kuzuia vumbi na kuzama majini kwa muda mfupi, si ya maji ya presha, tena inahusu mkanda ukiwa mzima kama ulivyotoka kiwandani. Ukiukata kwa mkasi ili uingie chini ya mlango umeufungua mdomo, na maji yataingia hapo. Kwenye magari ya Kigamboni, Tanga na Mombasa nikichana ule mpira nakuta shaba imekuwa kijani kwa chumvi. Ncha iliyokatwa inazibwa kwa silikoni na kifuniko chake siku hiyohiyo. Taa za chini ya bajaji ndizo zinazokufa mapema zaidi, na si kwa maji peke yake: kila tuta linazikwaruza.

"Tangu tufunge taa redio imeharibika, inakoroma." Redio ni nzima. Kiboksi cha bei ya chini cha kubadilisha rangi kinawasha na kuzima umeme mara nyingi mno kwa sekunde, na waya mrefu unageuka antena yake. Zima taa, sikiliza. Koromo likikoma, badilisha kiboksi au sogeza waya wake mbali na waya wa antena. Nimeona watu wakinunua redio mpya kwa jambo hili.

"Mwanga ukiwa mwingi ndani ndiyo unapendeza, na unaona vizuri." Unaona vizuri ndani. Jicho linachukua zaidi ya dakika 20 kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa buluu au mweupe miguuni unalirudisha nyuma kila unapoutupia macho. Vioo vya pembeni navyo vinaakisi, unaona milango yako badala ya mwendesha baiskeli asiye na taa pale Mbagala. BMW kwa miaka mingi waliwasha dashibodi zao kwa rangi ya machungwa iliyokolea kwenye wekundu, na walijua wanachofanya. Rangi ya joto, mwanga wa chini, chanzo chenyewe kisionekane na macho ya dereva. Mteja akitaka buluu namfungia ya kuzimika gari likiingia gia.

Za nje zinazopepesa buluu na nyekundu mbele ya gari sifungi, hata kwa bei mbili. Vimulimuli ni vya polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa, na mwenye daladala akivifunga, siku ambulansi ya kweli inakuja nyuma yako hutajua umpishe nani.

La mwisho ni kwa vijana wanaojifunza wenyewe nyumbani kwa video, na hili sitaki lipitwe. Wanaamini kifuniko chochote cha plastiki ndani ya gari ni cha urembo, unakichomoa, unapitisha waya, unakirudisha. Nguzo za pembeni ya kioo cha mbele kwenye magari mengi ya sasa zina eabegi ya pazia, mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, imekunjwa ndani yake, na waya ukipita mbele yake eabegi ikifumuka inautupa usoni mwako pamoja na kifuniko. Nyaya zenye soketi ya njano ndizo za eabegi. Usizichokonoe kwa testa, usiunge kitu, usizichomoe kuona ni za nini. Kama taa uliyoipenda haiwezi kufika inapotakiwa bila kupita hapo, ipeleke chini, kwenye ukingo wa kapeti.