Eti meseji haili chaji?

Wengi wanaamini chaji inaliwa na ukubwa wa kitu, yani video inakula sana, picha kiasi, maandishi hayali kabisa. Hilo la maandishi si kweli. Ukiwa kwenye data, hata kutuma "mambo" tu simu lazima iamshe redio yake (si ile ya FM, ni kile kifaa cha ndani kinachoongea na mnara), iombe nafasi kwenye mnara, itume, halafu hailali papo hapo, inakaa macho ikisubiri kama kuna kingine, kwenye 3G na 4G inaweza kufika sekunde 10 hivi na muda wote huo betri inashuka. Sasa kuna yule rafiki anaandika "oya", dakika inapita, "upo?", dakika nyingine, "nna shida", tena "kidogo tu". Kaamsha redio yake mara nne na ya kwako mara nne, angemwaga yote kwenye meseji moja ingekuwa mara moja tu.

Nyingine sugu ni hii ya kufuta apu zote zilizo nyuma (yani kuzifunga, si kuziondoa kwenye simu) kila baada ya dakika tano. Apu ya meseji haikai inaulizia seva "kuna kipya?" muda wote bwana, kwenye simu zenye Google karibu zote zinapitia njia moja ya Google, iPhone wanapitia ya Apple, meseji ikifika ndo apu inaamshwa. Ukiifuta, ukifungua tena inaanza kupakia upya na hapo ndo inakula. Mwaka 2016 mteja mmoja alimwandikia bosi wa Apple, Tim Cook, kuuliza kama kufunga apu kunasaidia betri, akajibiwa na Craig Federighi, mkuu wa programu pale Apple, kwamba hapana. Na kuna simu za Android ukifuta hivyo apu inazimwa kabisa, halafu unalalamika meseji zinachelewa! Futa iliyoganda tu.

Waifai nayo inasingiziwa. Ruta ikiwa karibu, waifai inatuma na kulala haraka kuliko data, ila ikiwa kuta tatu mbele hapo sawa, zima.

Adui mwenyewe ni mtandao dhaifu. Kijiti kikibaki kimoja simu inaongeza nguvu ili mnara uisikie, ukiisha kabisa ndo inahangaika kutafuta, kwa hiyo sehemu isiyoshika washa kile kindege, SMS zako zitasubiri kwa mtandao wako na ukikizima zinaingia.