Nirudishieni Themostati Yangu

Jumamosi nimeletewa Mercedes 240D nyingine hapa nyumbani Jinja, inavutwa na pikapu. Mwenyewe ni mzee mstaafu. Alikuwa akipanda kutoka Mbale kwenda Kapchorwa, mteremkoni mwa Mlima Elgon, na kabla hajafika Sipi mshale wa joto ukagusa nyekundu. Nikachomoa kijiti cha oili: chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili. Nikafungua nyumba ya themostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini, kwa spana namba kumi. Tupu.

"Fundi aliitoa," mzee akasema, kwa sauti ya mtu aliyefanyiwa hisani. "Alisema hicho kidude ni cha Wazungu, cha baridi. Sisi huku kuna joto."

Maneno hayo nayasikia tangu nikishika tochi gereji. Leo yamenifika hapa.

Joto gani jamani? Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na jua likiwa kali tunafika digrii 30 hivi. Themostati ya gari hili huanza kufunguka kwenye digrii 80. Injini inayotaka 80 inaiona Jinja nayo ni baridi.

Hilo ningelisamehe. Linaloniudhi ni kudhani themostati ni mlango mmoja, kwamba ukiung'oa maji yatapita vizuri zaidi. Ishike mkononi uitazame. Kwenye injini hii ina sahani mbili juu ya fimbo moja. Sahani moja inaziba njia ya kwenda rejeta, pale maji yanapopozwa. Ya pili, ile ndogo ya upande wa pili ambayo hakuna anayeiangalia, inaziba mchepuko, yaani njia inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta. Injini ikiwa baridi, rejeta imefungwa na mchepuko uko wazi. Ikipata moto, nta iliyo ndani inavimba, inasukuma fimbo: rejeta inafunguka, mchepuko unafungwa, na maji yote yanalazimika kwenda kupoa.

Sasa toa kitu chote. Mchepuko unabaki wazi saa zote, na maji hufuata mkondo. Mengi yatazunguka humo humo kwenye injini, moto juu ya moto. Mjini huoni kitu, labda moshi mweupe asubuhi na oili inayochafuka mapema. Litie mlimani na gia ya pili, watu watano, buti limejaa, ndipo utajua aliyeitoa ili gari lisichemke ndiye aliyelichemsha.

"Mbona langu lilipoa alipotoa?" Pengine themostati yako ilikuwa imekwama. Au rejeta imejaa magadi ya maji ya kisima, na umeahirisha tu siku ya kuizibua.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto. Kwenye 80 inaanza kuachia, karibu na 94 iwe wazi kabisa. Ila angalia ulipo: Jinja maji huchemka kwenye 96 hivi, Kapchorwa mjini ni kama 93 au 94. Ukipimia huko juu, maji yatachemka kabla haijamaliza kufunguka, na utatupa themostati isiyo na kosa. Ndani ya gari hali ni nyingine, kifuniko cha rejeta kinabana presha na maji yanachelewa kuchemka. Kifuniko chenye mpira uliokufa, badilisha, sina la zaidi.

Kufunga: kitundu chenye gololi kiwe juu, gasketi mpya, jaza maji polepole hewa itoke.

Na niseme ukweli ambao hunikosesha usingizi. Themostati feki ikikwama ikiwa imefungwa, inaua gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, upesi kuliko kutokuwa nayo. Nimewahi kumfungia mteja mpya kabisa, wiki ya pili ikakwama. Hakunitukana, alinitazama tu. Siku hiyo yule fundi wa "cha Wazungu" angenicheka, na ningenyamaza. Tangu hapo kila mpya inapita sufuriani kwanza, na mama watoto ameshaninunulia sufuria yangu.

Jana nilimpigia mzee kumwambia gasketi ya hedi imeungua, na kwamba themostati nimeshaipata. Akanyamaza kidogo.

"Sasa fundi, ukiirudisha, si litachemka tena?"