int() haikadirii, inakata

Kitu nakiona sana nikipitia kodi za programu (code) za watu ni hii imani kwamba ukigeuza namba ya desimali kuwa namba kamili, basi kompyuta itakadiria kama tulivyofundishwa shule, tano kwenda juu inapanda, chini ya hapo inashuka. Wapi! Kwenye lugha za programu kama C, Java, Python, ukiipa int (amri ya kugeuza kuwa namba kamili) 2.9 unapata 2, inatupa kila kilicho baada ya nukta bila hata kuangalia ni nini. 2.999 nayo ni 2 tu.

Na hapo ndo hela zinapopotea. Jaribu int(19.99 * 100) kwenye Python, unategemea 1999 ila utapata 1998, maana 19.99 haiandikiki kamili kwenye binari (mfumo wa 0 na 1 wa kompyuta), ukizidisha inatoka 1998.9999999999998 alafu int inafyeka mkia wote. Senti moja, utasema ni nini bwana, sasa cheki soko la hisa la Vancouver kule Kanada: Januari 1982 walianza faharasa yao, namba moja inayoonyesha bei za hisa kwa jumla, ikiwa 1000, kila hisa zikiuzwa mashine inapiga hesabu upya na kukata baada ya desimali tatu, kama mara 3000 kwa siku. Novemba 1983 ilikuwa imeporomoka hadi 524 na ushee, walipokuja kurekebisha ikaruka mpaka 1098.892! Ukikadiria, makosa mengine yanaenda juu mengine chini, yanafutana kwa kiasi kikubwa. Ukikata, yote yanavuta upande mmoja.

Kuna wale wa ujanja wa kujumlisha 0.5 kwanza ndo waite int. Kwa namba chanya sawa, lakini -2.7 ukiijumlishia 0.5 ni -2.2, ikikatwa inabaki -2, wakati jibu sahihi ni -3. int inakata kuelekea sifuri, sio kushuka, anayeshusha ni math.floor.

Haya, si utumie round(), amri ya kukadiria yenyewe, yaishe? Ngoja kwanza. Kwenye Python 3 round(2.5) ni 2, na round(3.5) ni 4, yaani nusu kamili inapelekwa kwenye namba shufwa ya jirani. Sio hitilafu, ni makusudi, ili nusu zote zisipande juu. JavaScript nayo ina yake, Math.round(2.5) ni 3 alafu Math.round(-2.5) ni -2. Kwa hiyo ukihamisha hesabu za ankara toka lugha moja kwenda nyingine, zijaribu kwanza hizo nusu na hizo hasi. Mi kwenye hela natunza senti kama namba kamili tangu mwanzo, ikishindikana Decimal, aina ya namba ya Python inayotunza desimali kama ulivyoiandika.