Nietzsche Hakusema Vile

Bwana Yesu asifiwe.

Kwa miaka mingi nilikuwa na mzaha mmoja nilioupenda sana kwenye makongamano ya wanafunzi. Nasimama, nasema: "Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani, alisema Mungu amekufa. Yuko wapi Nietzsche leo? Amekufa yeye!" Ukumbi unalipuka kwa vigelegele, kinanda kinaingia, nami narudi kwenye kiti nikiamini nimeitetea Injili.

Siku moja, kipindi kilipokwisha, kijana mmoja alinifuata nje. "Shikamoo Mchungaji." Nikaitikia. Akaniambia kwa adabu kwamba amekisoma kitabu chenyewe, cha mwaka 1882, na kwamba maneno yale yamo kinywani mwa mwendawazimu anayeingia sokoni asubuhi kweupe, taa mkononi, akimtafuta Mungu. Wanaomcheka ni watu wa pale sokoni ambao tayari hawaamini. Yeye hachekelei. Anawaambia tumemuua, ninyi na mimi, kisha anauliza ni nani atakayetufuta damu hii, na kama hatuoni kuwa baridi imezidi.

Kijana huyo hakuwa mkana Mungu, alikuwa mwanakwaya. Alichotaka kujua ni kwa nini mchungaji amsingizie mtu. Na somo ninalofundisha ndilo hili hili, kuitetea imani! Sisi Walutheri tunaihesabu ya nane, wengine wanaihesabu ya tisa, lakini amri ni moja: usimshuhudie jirani yako uongo. Sijaona mahali ilipoandikwa kwamba jirani asiyeamini ametolewa.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba ule mzaha ulinifunika macho. Nietzsche huyo huyo aliwacheka wasomi wa Ulaya waliomtupa Mungu wa Wakristo huku wakitaka maadili ya Kikristo yabaki pale pale, kama mtu anayekata mti halafu anasubiri kivuli. Ukimsoma kwa haki, amekuachia swali zito la kumuuliza kila anayesema utu wa mwanadamu una thamani lakini Mungu hayupo: thamani hiyo umeitoa wapi? Mimi nililiacha swali hilo nikaenda na vigelegele.

Neno la Kiyunani lililo nyuma ya "kujibu" katika 1 Petro 3:15, panapotuagiza tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, ni apologia, na ni neno la mahakamani. Mahakamani mshtakiwa hajichagulii shtaka. Anajibu lililosomwa. Paulo aliielewa kazi hiyo. Pale Athene, Matendo 17, wanafalsafa Waepikureo na Wastoiko walimwita jina la dharau, neno la ndege adonoaye mbegu huku na huku. Hakurudisha tusi. Alikuwa amekwisha kuzunguka mji akitazama madhabahu zao, na alipopewa nafasi alinukuu mshairi wao Arato, ambaye kwao ni Kilikia, jimbo alilozaliwa Paulo mwenyewe. Waepikureo walisema miungu iko mbali na haijishughulishi nasi, naye akasema Mungu hawi mbali na kila mmoja wetu. Wastoiko waliuona uungu umeenea ndani ya ulimwengu wote, naye akasema huyu ndiye aliyeuumba ulimwengu na vyote vilivyomo. Wote wawili waliguswa palepale walipokuwa wamesimama. Alipofika kwenye ufufuo wengine walidhihaki, lakini hakuuficha ili apendwe.

Leo kauli ninayoambiwa zaidi vyuoni ni hii: "Mchungaji, mimi nakubali kile tu kinachothibitishwa na sayansi." Wahubiri wengi wakisikia hivyo huanza kuishambulia sayansi. Wanakosea adui. Sentensi ile si sayansi, ni falsafa, tena ina historia yake. Katika miaka ya 1920 kundi la wanafikra mjini Vienna, chini ya Moritz Schlick, lilishikilia kwamba sentensi inayodai kueleza ulimwengu haina maana kama haiwezi kuhakikishwa kwa kuona, kusikia au kupima. "Mungu yupo" wakaiona si uongo, bali ni kelele tu. Mwingereza kijana, A. J. Ayer, alikwenda Vienna, na mwaka 1936 akatoa kitabu kilichoyasambaza mawazo hayo kwa wasomaji wa Kiingereza.

Sasa ipime kanuni yenyewe kwa kipimo chake. "Sentensi isiyoweza kuhakikishwa kwa milango ya fahamu haina maana." Hiyo nayo utaihakikishia maabara gani? Wanafalsafa wenyewe, wengi wao wasiomwamini Mungu, ndio waliouona ufa huo na kuuchimba. Katika miaka ya 1970 Ayer aliulizwa kwenye televisheni kasoro za fundisho lake zilikuwa nini, akajibu kwamba kubwa ni kuwa karibu lote halikuwa kweli. Namheshimu sana kwa jibu lile. Wachungaji wachache tungeweza kulitoa hadharani.

Lakini usivimbe kichwa. Kuanguka kwa kanuni ile hakuthibitishi kwamba Kristo alifufuka. Kumeondoa gogo njiani, basi. Safari bado iko mbele.

Na hapa naomba turudi kwa Petro, maana mstari ule tumeupa wasomi ilhali haukuandikiwa wao. Walioandikiwa walikuwa wametawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, na miongoni mwao barua inawataja watumwa wa nyumbani na wanawake wenye waume wasioamini. Hawakuitwa kwenye midahalo. Waliulizwa kwa sababu ya jinsi walivyoishi. Karne tatu baadaye Kaisari Juliano wa Rumi, aliyesoma falsafa Athene mji mmoja na Basili, aliyekuja kuwa askofu, aliandika kitabu kuwapinga Wakristo. Katika barua iliyohifadhiwa kwa jina lake, kwa kuhani mkuu wa Galatia, analalamika kwamba Wagalilaya hawa, yaani Wakristo, hawalishi maskini wao tu, wanalisha na wa kwetu. Akaagiza mahekalu nayo yajenge nyumba za wageni na kugawa ngano. Basili, yeye, alirudi Kapadokia na kujenga mahali pa kutunzia wagonjwa na maskini nje ya mji wa Kaisaria. Falsafa za Athene alizijua vizuri tu.

Kwa hiyo nimebadilisha mtihani wangu. Mwanafunzi anaandika kwanza hoja ya mpinzani, kurasa mbili, bila kuijibu, na namna ambayo mpinzani akiisoma angeweka sahihi yake. Hapo ndipo wengi wanapofeli. Jibu lina alama chache kuliko wanavyotarajia. Alama zilizobaki zinatoka wodini, Jumamosi, wanakokwenda kuwafulia wagonjwa wasio na ndugu. Huko maswali ya kwa nini Mungu anaruhusu maumivu huulizwa na mtu aliyelala kitandani, na hakuna kinanda.