Maana ya turufu katika mchezo wa wahedi wa sitini

Msimu wa uchaguzi unapowadia, neno turufu hutajwa sana magazetini. Mgombea fulani huambiwa kwamba ameficha karata yake ya turufu, na msomaji huelewa kuwa anayo silaha moja kubwa kuliko zote, ambayo siku akiitoa mambo yamekwisha. Maana hiyo imeshazoeleka, nami sina nia ya kuifuta. Lakini anayekaa barazani Ngamiani, hapa Tanga, baada ya swala ya alasiri, akawatazama wachezaji wanne wakicheza wahedi wa sitini, ataona kwamba turufu ni jambo jingine kidogo, na kwa maoni yangu ni jambo la maana zaidi. Turufu si karata moja. Ni aina nzima ya karata iliyopewa mamlaka juu ya aina nyingine tatu kwa mgawo ule mmoja tu, na mgawo unaofuata mamlaka hayo yanaweza kuhamia kwingine.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza kuzifahamu karata zenyewe. Aina zake ni nne: kopa, yenye alama ya moyo mwekundu, uru, yenye pembe nne nyekundu, shupaza, nyeusi yenye ncha kama ya mkuki, na pau, nyeusi yenye majani matatu. Majina haya yote, pamoja na neno turufu na neno karata lenyewe, yametokana na Kireno, na yamebaki vinywani mwa watu wa pwani tangu enzi za Wareno, waliofika huku mwaka 1498 na kupoteza ngome yao ya Mombasa mwaka 1698. Jina la mchezo, kwa upande wake, ni la Kiarabu, na maana yake ni sitini na moja. Idadi hiyo ndiyo siri ya mchezo mzima.

Katika baraza nililofundishwa mimi, nane, tisa na kumi huondolewa, zikabaki karata 40, kila mchezaji akapata kumi. Ree, yaani karata yenye herufi A, ndiyo kubwa, na ina pointi 11. Inafuata saba, ambayo ina pointi 10, jambo linalomshangaza kila mgeni wa mchezo. Kisha wanakuja wazungu, yaani karata zenye picha za watu: mzungu wa nne, ambaye ni mfalme, mzungu wa tatu, ambaye ni ghulamu, na mzungu wa pili, ambaye ni bibi. Watu wengi huyatamka majina haya miaka nenda miaka rudi bila kujiuliza nambari zimetoka wapi, kumbe nambari hizo ndizo pointi zao: mfalme nne, ghulamu tatu, bibi mbili. Zilizobaki, kuanzia sita hadi mbili, ni magarasa, hazina pointi hata moja. Ukijumlisha, kila aina ina pointi 30, na karata zote pamoja zina 120. Upande uliopata 61 umekwisha kupita nusu na umeshinda. Pande zote mbili zikipata sitini sitini, ni suluhu.

Wachezaji wanne hucheza wawili kwa wawili, kila mmoja akiwa ameketi mkabala na mwenzake. Karata huchanganywa, hukatwa, kisha hugawiwa, na karata ya mwisho ya mgawaji hufunuliwa mbele ya wote. Ikiwa ni kopa, basi kopa ndiyo turufu. Hakuna aliyeichagua, wala hakuna anayeweza kuikataa.

Sasa tuwatazame wanapocheza, kopa ikiwa ndiyo turufu. Mchezaji wa kwanza anaitoa ree ya shupaza, karata yenye pointi 11 ambayo hakuna shupaza nyingine inayoweza kuila, yaani kuishinda na kuichukua. Anayefuata, ambaye ni mpinzani wake, ana shupaza mkononi, kwa hiyo analazimika kufuata, naye anatupa tano, garasa. Wa tatu, mwenza wa yule wa kwanza, anaona mwenzake anaelekea kula, hivyo anamtilia mzungu wa nne wa shupaza ili pato liongezeke. Wa nne anazitazama karata zake, hana shupaza hata moja. Anashika mbili ya kopa, karata ndogo kupita zote, anaiweka chini taratibu, kisha anazikusanya zote nne na kuziweka upande wake. Garasa limekula ree na mfalme, na pointi 15 zimehama kwa mpigo mmoja.

Hapo ndipo maana kamili ya turufu inapoonekana. Ile mbili haikuwa na thamani yoyote, na haikuongeza hata pointi moja katika pato; lilichokuwa nacho garasa lile ni haki ya kula. Aina ya turufu ina pointi 30 kama wenzake, wala si zaidi, na ndiyo maana nasema kwamba katika mchezo huu thamani ni jambo moja na mamlaka ni jambo jingine. Anayevichanganya viwili hivi huzitunza turufu zake kubwa kama mtu atunzaye dhahabu, halafu mwishoni hana cha kuzilia.

Mamlaka hayo, hata hivyo, yana mipaka. Mchezaji yule wa nne angekuwa na shupaza japo moja, asingeruhusiwa kutoa kopa, kwa sababu aina iliyotangulia ni lazima ifuatwe na kila aliye nayo. Anayeificha akapiga turufu ametenda kosa kubwa, na barazani kwetu upande wake huhesabiwa umeshindwa mgawo wote. Pia turufu ikipigwa juu ya turufu, iliyo kubwa ndiyo inayokula. Na asiye na aina iliyotangulia halazimiki kupiga turufu: ikiwa mwenzake ndiye anayekula, ni busara zaidi kumtilia saba au mzungu wa aina nyingine kuliko kupoteza turufu bure.

Mjomba wangu aliyenifundisha hakuwa mwepesi wa maneno. Muuza kahawa akipita na birika lake, yeye alikunywa kikombe kimoja, akamega kashata, na macho yake hayakubanduka kwenye karata. Alichosisitiza ni kuzihesabu turufu zinazotoka. Ziko kumi tu. Zikishapita saba, nawe unazo mbili, basi imebaki moja kwa mtu mmoja, na kazi yako ni kumtambua mtu huyo. Mwenye turufu kubwa aghalabu huanza mapema kuzivuta, yaani huitoa turufu yeye mwenyewe ili wengine walazimike kufuata, mpaka mikono ya wapinzani ibaki mitupu.

Turufu zikiisha, mchezo hubadilika kabisa. Hakuna tena aina yenye haki juu ya nyingine, na karata hushinda ndani ya aina yake peke yake. Mchezaji mwenye zamu ya kutangulia akiwa na tatu ya pau, na pau nyingine zote zimekwisha kutoka, huitoa bila wasiwasi, na wengine hawana budi kuweka walicho nacho, hata kama ni ree ya uru na saba ya shupaza, wakitazama pointi 21 zikichukuliwa na garasa.