Kwenda Ujerumani bila Kijerumani: yanayosemwa na yaliyopo

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin mwezi Septemba 2024, wapo wanaoamini kwamba Wakenya wametengewa nafasi 250,000 na kwamba lugha watajifunza huko huko. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha idadi hiyo mara moja, kwa kuwa makubaliano hayataji idadi yoyote, na masharti ya viza yamebaki palepale. Anayekwenda kwa mafunzo ya kazi kwa kawaida hudaiwa Kijerumani cha ngazi ya B1 (ngazi za lugha huanzia A1, ya chini kabisa, hadi C2, ya juu kabisa), na muuguzi anayetaka taaluma yake itambuliwe hudaiwa B2. Wakala anayeahidi safari bila mtihani, tena anayetaka alipwe kwanza, ni wa kukimbiwa.

Wengine husema Kiingereza kinatosha, na hapa pana chembe ya ukweli. Zipo kampuni za teknolojia mjini Berlin zinazofanya kazi kwa Kiingereza, na hata viza ya kutafuta kazi iitwayo Chancenkarte, iliyoanza Juni 2024, humkubali mwenye Kiingereza cha B2 badala ya Kijerumani cha A1. Nje ya ofisi hizo mambo hubadilika. Lugha ya ofisi za serikali ni Kijerumani kwa mujibu wa sheria, hivyo barua za kodi na za ofisi ya wageni huja kwa lugha hiyo, na uamuzi wa ofisi kwa kawaida hupingwa ndani ya mwezi mmoja tu, muda ambao asiyeweza kuisoma barua hajui hata kama umeanza kuhesabiwa.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba lugha huingia yenyewe ukiishi na wenyewe. Kozi ya kawaida ya serikali kwa wahamiaji ina saa 600 za lugha, na lengo lake ni B1 tu. Anayeosha vyombo mgahawani pamoja na wageni wenzake, kisha jioni akazungumza na jamaa zake kwa simu, anaweza kupitisha miaka bila kusikia Kijerumani cha maana. Na akijaribu kukisema, wenyeji wenye huruma humjibu kwa Kiingereza. Hata cheti cha B2 hakimwandai mtu kikamilifu kwa wodi ambamo wauguzi hukabidhiana zamu kwa kasi na mzee wa Bavaria huzungumza lahaja ya kwao.

Kuhusu watoto, ni kweli hushika lugha upesi, lakini hilo haliwafanyi wakalimani. Bima ya afya ya umma kwa kawaida hailipii mkalimani wa lugha ya kigeni, kwa hiyo familia nyingi humpeleka mtoto akamweleze daktari ugonjwa wa mama yake. Ni afadhali kumtafuta mapema mtu mzima anayeijua lugha, na kumwomba aandamane na mgonjwa siku ya miadi.