Tiba ya mazungumzo kwa njia ya video: kijana azungumze na nani, na mzazi akae wapi?

Wazazi wanaotaka kijana wao atibiwe kwa njia ya video hutuuliza sisi wataalamu kwanza habari za vifaa. Simu inatosha, au lazima kompyuta? Intaneti ikikatika katikati ya kikao inakuwaje? Maswali hayo yana majibu mafupi: simu inatosha ikiegemezwa mahali isitikisike, na mtandao ukikatika mtaalamu hupiga simu ya kawaida kwa namba mliyokubaliana mapema. Swali zito zaidi, la mzazi akae wapi wakati wa kikao, ni wachache wanaolitamka, ila tunaliona tangu kikao cha kwanza, pale mzazi anaposimama mlangoni hajui aingie au atoke. Kwa tunavyoona kazini, namna familia inavyolijibu ndiyo huamua kama tiba itashika au itageuka kuwa maongezi ya video tu.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Tiba ya mgonjwa wa nje ni ile anayoipata mtu huku akiendelea kuishi kwake, bila kulazwa. Kwa kijana inaweza kuwa kikao kimoja kwa wiki, dakika 45 hadi 60. Hali ikiwa nzito zaidi huwa ni programu ya saa kadhaa kwa siku, siku 3 hadi 5 kwa wiki, yenye vikao vya peke yake, vya kundi na vya familia. Ikifanyika kwa video, kinachobadilika ni mahali. Mtaalamu ni yuleyule mwenye leseni, faili linaandikwa vilevile, na wajibu wa kutunza siri uko palepale. Kuchati na programu inayojibu yenyewe ni jambo jingine kabisa, na kutazama video fupi zinazotaja dalili za magonjwa ni jingine tena. Vijana wengi hufika kwetu wameshajipa jina la ugonjwa kutokana na video hizo. Wapo waliokosea, na wapo waliolenga sawasawa. Wote wanastahili kusikilizwa bila kuchekwa.

Wala jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 taasisi ya magonjwa ya akili ya Nebraska, Marekani, ilianza kutumia televisheni ya njia mbili, na haikuchukua muda ikaendesha hata tiba ya kundi kwa njia hiyo. Kufikia mwaka 1964 ilikuwa imeunganishwa na hospitali iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 150. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga milango ya kliniki mwaka 2020, kilichokuwa cha wachache kikawa cha kawaida. Tafiti zilizolinganisha tiba ya video na ya ana kwa ana zimeonyesha matokeo yanayokaribiana kwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) na matatizo ya wasiwasi. Ushahidi mwingi zaidi ni wa watu wazima. Wa vijana ni mchache, ila unaelekea upande huohuo. Na mahitaji ni makubwa: kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mtu 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili.

Mlango ukiwa umefungwa

Kliniki ina kuta, na nje ya kuta hizo hakuna ndugu wa mgonjwa anayepita kutafuta chaja. Nyumbani ni tofauti. Kijana anaweza kuwa anataka kusema jambo alilolibeba mwaka mzima, kisha akasikia sakafu ikilia nje ya mlango. Atakachosema baada ya hapo ni “niko sawa”.

Ndiyo maana kikao cha kwanza hatuanzi na tatizo. Tunaanza na nyumba. Nani yupo? Mlango unafungika? Sauti inasikika chumba cha pili? Tunamshauri kijana avae vipokea sauti vya masikioni, ili angalau upande wa mtaalamu usisikike, na redio au feni iwashwe nje ya mlango kufunika sauti yake. Palipo na chumba kimoja tu, familia hupanga kutoka nje kwa saa ile, au kijana hukaa ndani ya gari lililoegeshwa, au tunatafuta chumba shuleni. Tunakubaliana pia neno la kawaida kabisa ambalo akilitamka tutajua kuna mtu ameingia, nasi tutageuza mazungumzo papo hapo. Sehemu ya kuandika ujumbe nayo husaidia sana. Yapo mambo ambayo kijana hawezi kuyatamka kwa mdomo hata akiwa peke yake, ila huyaandika kwa sekunde chache.

Mzazi, hapa ndipo tunapokuomba jambo gumu: usisikilize, usirekodi, na kikao kikiisha usimdake mwanao mlangoni kumuuliza amesema nini. Siri hiyo haina maana kwamba umefungiwa nje ya maisha yake. Ina mipaka, na mipaka hiyo tunaieleza mbele yenu wote wawili siku ya kwanza. Kijana akiwa katika hatari ya kujitoa uhai au kujidhuru vibaya, akitishia maisha ya mtu mwingine, au ikibainika anafanyiwa ukatili, mtaalamu atazungumza na wanaohusika. Zaidi ya hayo, sheria za kila nchi husema mzazi ana haki ya kujua nini na kijana wa umri gani anaweza kukubali tiba mwenyewe, ulizia mapema. Mambo kama kugombana na rafiki, kupenda, kuchukia somo fulani au hata kukuchukia wewe kwa wiki mbili, hayo yaache yabaki ndani.

Utaona pia kila kikao kinaanza kwa swali linaloonekana la kiofisi: uko wapi sasa hivi, na mtu mzima aliye karibu ana namba gani? Hatuulizi kwa mazoea. Mtaalamu aliye mbali hawezi kumshika mtu mkono, kwa hiyo hali ikiharibika katikati ya kikao lazima ajue msaada uelekezwe wapi. Kijana akijibu “nyumbani” ilhali yuko kwa shangazi yake, msaada utakwenda pasipo na mtu.

Mlango ukifunguliwa

Upande wa pili wa kazi hii ndio unaosahaulika. Wapo wazazi wanaomkabidhi kijana kifaa kama wanavyopeleka gari kwa fundi, wakitegemea kumpokea akiwa ametengenezwa. Lakini matatizo mengi ya umri huu huishi katikati ya watu: katika namna ugomvi unavyoanza, nani hunyamaza, nani humtetea nani. Salvador Minuchin, daktari wa akili aliyejenga tiba ya kimuundo ya familia, inayotazama namna familia ilivyojipanga, katika miaka ya 1960 na 1970, alikuwa akitazama nani ameketi karibu na nani, kisha anawahamisha viti katikati ya kikao. Kwenye video viti hatuvigusi, ila tunaona mengine. Familia ikitumia simu moja, tunaona nani ameishika na nani amekatwa nusu ya uso kila mara. Tukiwaomba kila mmoja atumie kifaa chake, hata kama wako nyumba moja, jambo la ajabu kidogo hutokea: kila mtu anakuwa kwenye kisanduku chenye ukubwa uleule. Baba ambaye sauti yake hujaza nyumba anakuwa mkubwa sawasawa na binti yake wa miaka 14. Nimeona vijana wakimaliza sentensi zao kwa mara ya kwanza kwa sababu hiyo tu. Na hasira zikipanda, kuna kitufe cha kuzima sauti, kitu ambacho ofisini sikuwa nacho.

Mfano mzuri wa kwa nini mzazi anahitajika ni wasiwasi. Kijana anaogopa kuongea na watu, basi mama anamjibia. Anaogopa darasa, basi anaruhusiwa kubaki nyumbani leo, na kesho, na Jumatatu. Anaogopa uchafu, basi nyumba nzima inanawa mikono kwa utaratibu wake. Kila hatua ya namna hiyo hutokana na upendo, na kila moja hupunguza hofu kwa saa moja na kuilisha kwa mwezi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya jaribio ambamo kundi moja la wazazi wa watoto wenye wasiwasi, wa umri wa miaka 7 hadi 14, walifundishwa wao peke yao namna ya kupunguza huko kumlegezea mtoto kila anapoogopa, bila mtoto kuingia kwenye tiba hata mara moja. Matokeo hayakuwa duni kuliko ya watoto waliopata wenyewe tiba ya utambuzi na tabia. Nikiwa na familia ambayo kijana amekataa katakata kukaa mbele ya kamera, huanza na wazazi, wala sioni kuwa nimepoteza muda.

Katika tiba hiyo ya utambuzi na tabia, kijana hujifunza kukagua mawazo yanayomshusha na kukabili hatua kwa hatua anachokiogopa. Video hapa ina faida ambayo kliniki haina, kwa kuwa hofu iko palepale nyumbani. Anayenawa mikono bila kukoma hufanya zoezi kwenye sinki lake mwenyewe, mtaalamu akiwa naye kwenye simu. Lakini skrini inaweza pia kuwa maficho. Kijana anayeogopa watu atafurahia sana tiba isiyomtoa chumbani, na miezi sita baadaye atakuwa anatusifu huku bado hajavuka kizingiti. Kwa huyo, kwa maoni yangu, mpango wa tiba lazima uandikwe tangu mwanzo kwamba vikao vitahamia nje: kwanza kamera iwashwe, kisha azungumze nasi akiwa anatembea, kisha aje kliniki.

Dawa, na yale ambayo kamera haioni

Si kila kijana anahitaji dawa, na si kila mzazi anayeziogopa ana kosa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia vijana 439 wenye sonona, wa umri wa miaka 12 hadi 17. Baada ya wiki 12, kati ya waliopata fluoxetine, dawa ya sonona, pamoja na tiba ya utambuzi na tabia, asilimia 71 walipata nafuu. Kati ya waliopata dawa peke yake, asilimia 61. Kati ya waliopata tiba hiyo ya mazungumzo peke yake, asilimia 43. Na kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 35. Mwaka huohuo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza dawa za sonona zibebe onyo kwamba zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watoto na vijana. Mambo hayo mawili yote ni kweli. Ndiyo maana wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa, macho ya nyumbani yana thamani kuliko kamera: je, analala? Ametulia au hatulii mahali pamoja? Amekuwa mkali ghafla? Dawa isikatishwe bila kuzungumza na daktari, hata kama kijana anaonekana amepona.

Kamera haioni uzito unaopungua chini ya sweta kubwa, haisikii harufu ya pombe, wala haioni mikono iliyofichwa chini ya meza. Mtaalamu mwangalifu atauliza, na familia isichukie kuulizwa.

Zipo hali ambazo video peke yake haifai. Kijana anayesikia sauti zisizokuwepo au aliyepoteza mguso na uhalisia, asiyelala kwa siku nyingi huku akiwa na nguvu zisizo za kawaida, anayepungua uzito kwa kasi, au mwenye nia na mpango wa kujiua, huyo anatakiwa kuonwa ana kwa ana, tena haraka. Vivyo hivyo anayeishi na mtu anayemtesa: nyumba hiyo haiwezi kuwa chumba cha tiba.

Kwa kijana mwenye mawazo ya kujiua anayeweza kuendelea kutibiwa akiwa nyumbani, tunaandika naye mpango wa usalama: dalili zake za tahadhari, anachoweza kufanya kujituliza, watu wa kuwapigia, na namba ya dharura. Kazi ya mzazi katika mpango huo ni kuondoa au kufungia dawa, sumu, silaha na vitu vyenye makali. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi, na umbali kati ya mtu na kitu cha kujidhuru ndani ya muda huo huokoa maisha. Kumuuliza wazi “unafikiria kujiua?” hakumpandikizii wazo hilo. Akijibu ndiyo na yuko hatarini sasa hivi, usisubiri kikao cha Alhamisi. Kaa naye, piga namba ya dharura au mpeleke hospitali iliyo karibu.

Kuhusu muda, tiba ya utambuzi na tabia kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 16. Kila baada ya wiki chache kijana hujaza dodoso fupi la dalili, nawe una haki ya kuuliza alama zinapanda au zinashuka. Wiki 6 zikipita bila mabadiliko yoyote, uliza mpango ubadilishwe vipi: dawa, vikao zaidi, ana kwa ana, au mtaalamu mwingine. Kubadilisha mtaalamu hakumvunjii mtu heshima. Vijana wengine hawaivani na mtu fulani, basi. Mambo yakienda vizuri, vikao hupunguzwa polepole, kutoka kila wiki hadi kila wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Kikao cha mwisho tunakaa na familia nzima kuandika dalili zilizotangulia safari iliyopita, ili zikirudi mtupigie mapema. Namba ya kliniki ihifadhiwe kwenye simu ya kijana mwenyewe, si ya mzazi tu.